Pima za Mwanamkuu

Mimi ni wifi yake, na wifi hana sababu ya kumsifu wifi yake bure. Kwa hiyo nikimsifu mniamini, na nikimsema mniamini pia, maana haki ya kumsema niliipata siku ile ile kaka yangu Mbaraka alipomuoa.

Watu wa kijiji chetu cha Utende wakimtaja Mwanamkuu husema, "Yule mama alikuwa na subira." Mimi huona hasira nikisikia hivyo. Subira gani? Mwanamkuu hakuwa na subira hata ya kungoja uji upoe. Alitukana jiwe akijikwaa, alitukana kuni zikiwa mbichi, na vidole vyake mwenyewe alivitukana kimoja kimoja, kila kimoja na tusi lake. Alichokuwa nacho ni kitu kingine, na mimi nilichelewa sana kukijua. Kabla sijakijua, nilimwita mwizi mbele ya watu.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita yao ya pili kwisha. Wanawake wanane tulikuwa na kikoa cha mikeka, tukikutana uani kwa Bi Saleha, mjane mwenye nyumba kubwa na sauti ndogo. Kikoa chetu kilikwenda hivi: mwenye zamu hushonewa mkeka mmoja mpana wa ukindu, na wale saba wengine kila mmoja humsukia ukili wa pima kumi na mbili. Ukili ni ule utepe mrefu tunaousuka kwa vidole kwa chane, ule ukindu uliochanwa mwembamba. Ukishatosha, hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Na pima ni mikono yako miwili ukiitandaza huku na huku, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Kipimo kingine hatukuwa nacho, wala hatukukihitaji.

Mikono ya watu haiwi sawa, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba pima ya kikoa ni ya Mwanamkuu. Yeye alikuwa mrefu kutupita sote. Sisi wafupi tulisuka kumi na mbili zetu kisha tukaongeza shubiri kadhaa kumfikia. Yeye hakuongeza kitu. Alitandaza mikono, akahesabu, basi.

Zamu yangu ilifika mwaka ule mwanangu Mfaume alipokuwa anarudi kutoka Unguja na mke ambaye sijamwona. Nilitaka mkeka wa chumba cha wageni, mwekundu kwa kijani, yule mwanamke akiingia ajue ameolewa kwa watu. Siku ya kushona tukakaa tangu asubuhi, sindano zinakwenda, maneno yanakwenda. Mwanamkuu hakuwepo. Miaka hiyo alikuwa na mtindo wa kuja saa nne, sisi tumeshachoka, na mimi nilikuwa nimempa jina, Bibi wa Saa Nne. Jina lenyewe lilipendwa sana pale uani.

Ukili wa wenzake ulipokwisha, akatokea na wake, ameukunja kwapani. Tukaushona kidogo, nikaona kitu hakiko sawa. Nikauchukua uliobaki na ule ulioshonwa nikaupima kwa mikono yangu. Mimi ni mfupi. Pima kumi na mbili za Mwanamkuu kwangu huwa kumi na tatu na ushei. Zikatoka kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.

"Wifi," nikasema, "hizi pima zimeliwa na panya au umezila wewe?"

Wakacheka, maana mawifi hutaniana. Mwanamkuu naye akacheka. "Panya wa kwenu ndiye aliyefunzwa kula ukili. Ni kumi na mbili hizo."

"Ni kumi na moja kwa mikono ya kibete."

"Bimkubwa, wallahi ni kumi na mbili."

Kiapo kilipotoka kicheko kikaisha. Akasimama, na kanga yake begani imemfunika mikono kama alivyozoea siku hizo, akaupima mbele yetu. Kumi na mbili. Bi Saleha, ambaye ndiye aliyemfuata kwa urefu, akaupima naye. Hazikufika hata kumi na moja. Kupunja kipimo ni dhambi ambayo kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua, na hapa mtu alikuwa amepunja na akaapa juu yake.

Ningeweza kunyamaza. Bi Saleha alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo la kutuliza. Lakini mimi nilikuwa nawaza mkwe wangu mgeni na mkeka mfupi, na siku zile zote za saa nne, nikasema, "Basi mwizi aape tena."

Mwanamkuu akainama kukusanya vitu vyake. Aliviokota polepole sana, sindano, kisu, kifurushi cha chane. Nikasema moyoni, tazama kiburi cha mwanamke huyu.

Hakuja siku ya pili, wala ya tatu. Na zamu iliyofuata ilikuwa yake. Binti yake, Kijakazi, alikuwa ameposwa na fundi wa mashua wa kisiwa cha Jibondo, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Kwetu bibi harusi huenda kwa mumewe na mkeka wa kikoa cha mama yake. Ndio unaotandikwa siku ya kwanza, na wanawake wa upande wa pili huuinamia kuusoma, huu mkono wa nani, huu wa nani. Wanawake wakaanza kunong'ona. Nani atamsukia mtu anayepunja? Bi Saleha akasema tungoje Ijumaa. Asipokuja kujieleza, zamu itapita kwa mwenzetu Mwanaharusi, na Mwanamkuu atakuwa amejitoa mwenyewe.

Jumatano Kijakazi akaja kwangu, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Shangazi, mama hakuiba."

"Aje aseme mwenyewe."

"Hatakuja." Akatazama chini. "Nenda wewe. Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijapanda."

Nilimwambia sina haja. Lakini kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikajikuta njiani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, nayajua mpaka leo, sikutumia hata moja.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kaka yangu Mbaraka alikuwa amepiga magoti mbele ya mkewe. Kaka yangu, ambaye mama yetu alimlea kama sultani, ambaye sikupata kumwona akijitekea maji, alikuwa amemshika Mwanamkuu mkono, anaupitisha kwenye gauni taratibu, kama unavyomvika mtoto aliyetoka tohara. Pembeni palikuwa na majani ya mnyonyo yaliyochomwa motoni, na bakuli la mafuta ya nazi. Mwanamkuu alikuwa amefumba macho na meno ameyauma. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba na vyekundu, na vidole vyenyewe vimekunjika vikaelekea upande mmoja.

Mbaraka akaniona. Hakuruka wala hakuona haya. Akamalizia mkono wa pili kwanza.

"Una muda gani hivi?" nikauliza.

"Mwaka wa nne," Mbaraka akajibu. "Baridi yabisi. Dresa wa zahanati ya Kilindoni alimpa vidonge vyeupe, vinasaidia kidogo, tumbo vinaliunguza. Chuku amepigwa, damu ikatolewa. Nilitaka kukwambia, alinilisha yamini nisiseme."

"Nimemlisha na ameimeza, mbona leo anaitapika," Mwanamkuu akasema bila kufumbua macho. Kisha akanitazama. "Karibu, wifi. Umekuja kumkamata mwizi?"

Nilikuwa natazama mikono yake. "Inyooshe," nikamwambia.

"Nini?"

"Mikono. Itandaze kama unapima."

Akaitandaza. Viwiko vikafika mahali vikagoma.

"Nyoosha, Mwanamkuu."

"Si nimenyoosha!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajui. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja kidogo kidogo, mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo, naye kila akitandaza mikono aliona imefika kule ilikofika siku zote. Hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu kila mtu alikuwa amefichwa. Nikachukua ukili uliokuwa hapo, nikamwekea kutoka ncha mpaka ncha, kisha nikautandaza juu ya mikono yangu mwenyewe. Mimi, mfupi wa Utende nzima, nilimpita kwa shubiri.

Akautazama. "Basi nimepunja," akasema. "Nimeapa kwa Mungu na nimepunja." Akaanza kulia, na alilia kwa sauti, na mimi nikalia, na kaka yangu akatoka kwenda kutazama madema yake ya kuvulia, ambayo yalikuwa hayajambo.

Nilipoweza kusema nikamwuliza kwa nini alificha. Sisi ni nani, si ndugu zake? Akajifuta kwa mgongo wa mkono, maana viganja havikufunguka.

"Unamkumbuka mama mdogo wangu, Mwanasiti?"

Nilimkumbuka. Alikuwa na ugonjwa huo huo.

"Walimpokonya mtungi, wakamwambia pumzika. Wakampokonya mwiko, wakamwambia pumzika. Mwishowe wakampokonya ukili. Watu wema kweli kweli, wifi, walimletea mpaka chai kitandani. Akalala akitazama makuti miaka sita. Mnasema alikufa kwa baridi yabisi. Mimi nilikuwepo. Alikufa kwa kupumzishwa."

Nikaukunja ule ukili, nikauweka chini.

Akanieleza siku zake zilivyokwenda. Asubuhi haikuwa yake. Tangu alfajiri mpaka jua lifike kizingitini, mwili ulikuwa mali ya maradhi, na yeye alikuwa ameacha kugombana kwa saa hizo. Alilia akitaka, alitukana akitaka, Mbaraka alimkanda. Jua likifika kizingitini vidole vilianza kufunguka, na kuanzia hapo siku ilikuwa yake, naye hakukubali hata dakika moja ya mchana iliwe na mambo ya asubuhi. Ndiyo ile saa nne yake niliyoipa jina.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Huyu wangu ana mwaka wa nne, hajui hata mpini ukoje. Basi nalima mimi na yeye namkalisha pembeni. Lakini msije mkanikalisha mimi."

Ijumaa nikamleta uani kwa Bi Saleha, saa nne, kama kawaida yake. Nikasimama kabla hajaketi. Nikasema aliyemwita mwenzake mwizi ni mimi, na aliyekosa ni mimi, na wanaotaka kujua sababu waniulize mimi. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa nimeanza kueleza habari ya ugonjwa, Mwanamkuu akanikata, akaishusha kanga yake begani na kuitoa mikono.

"Tazameni mara moja, mshibe," akasema, "kisha tuendelee na kazi."

Wakatazama. Mwanaharusi, ambaye ana moyo mwepesi, akaanza kububujikwa na machozi. Akasema tangu leo Mwanamkuu asuke pima sita tu, na sisi tugawane zilizobaki.

"Mwanaharusi, kusuka nusu ni kazi yako wewe tangu tukujue," Mwanamkuu akamwambia. "Mimi niachieni nzima yangu. Kumi na mbili, kama kila mtu. Mkiniona nimechelewa, mningoje."

Kipimo kikabadilishwa. Bi Saleha alitandaza mikono yake, tukaikata kamba ya makumbi kwa urefu huo, na Mwanamkuu akasimamia. "Ongezeni vidole vinne hapo," akasema, "pima yangu ya zamani ilimshinda." Tukaongeza. Kamba ikatundikwa msumarini, na kuanzia siku hiyo hakuna mikono iliyoaminiwa, hata ya mzima.

Msidhani alipona. Masika iliyofuata maradhi yalimwelemea, mkono wa kulia ukafika mahali haushiki kijiko. Nilimkuta asubuhi moja analia peke yake, nikataka kuketi naye, akanifukuza. "Nalia mpaka jua lifike pale," akasema akinyoosha kidevu kwenye kizingiti, "kisha nina kazi." Nikaenda zangu. Saa nne alikuja, macho mekundu, akamtania Mwanaharusi mpaka adhuhuri. Kuchana ukindu kunataka ukucha wa kidole gumba wenye nguvu, na hilo lilimshinda kabisa, kwa hiyo tukafanya biashara: mimi namchania chane zake, yeye ananichemshia rangi zangu. Rangi yake nyekundu haikuwa na mfano kisiwani. Sikumfanyia hisani, na angejua namfanyia hisani asingenipa rangi. Ukili ambao zamani aliusuka kwa siku nne sasa ulimchukua wiki mbili na zaidi. Lakini mkono wake, ule wa kukaza, ulikuwa ni ule ule.

Nimetangulia mbele kidogo. Turudi kwenye zamu yake, mkeka wa Kijakazi.

Harusi ilisogezwa mbele mpaka baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na sisi saba tukaenda kusuka, kila mtu kwake. Nilisuka kwa bidii ambayo sijapata kuitia katika kitu. Kila nikikumbuka lile neno nililolisema, vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipofika kumi na mbili sikusimama. Nikasuka kumi na tatu. Nikasuka kumi na nne. Nikauona ukili mzuri, mrefu, nikaona sasa nimelipa.

Nikaukunja nikauweka. Nikapika, nikala, nikarudi kuutazama, na ule uzuri siukuti tena. Nilimsikia anavyosema, "Kumi na mbili, kama kila mtu." Pima zile mbili hazikuwa za Kijakazi wala za Mwanamkuu. Zilikuwa za kunifariji mimi. Nikakaa mkekani nikazifumua zote mbili, chane kwa chane, na kufumua kuliniuma kuliko kusuka.

Siku ya kushona ilikuwa uani kwa Bi Saleha. Mwanamkuu alifika, akaitungua kamba msumarini, akasema sheria ni sheria, kila ukili upimwe kabla ya sindano. Kijakazi akawa anashika ncha. Wa Bi Saleha ukatoka kumi na tatu na nusu. Mwanamkuu akauweka kando. Wa pili ukatoka kumi na nne. Wa Mwanaharusi ukatoka kumi na tano kamili, na mwenyewe akatazama pembeni akijifanya anafukuza kuku.

"Nani amewaambia napeleka mkeka msikitini?" Mwanamkuu akauliza. "Kitanda cha fundi wa mashua kina urefu gani, mnakijua? Jibondo maji yenyewe ya kunywa yanakwenda kwa mashua, na huu mkeka mnataka upakiwe chombo chake peke yake?"

Wengine wakacheka. Mimi nilimtazama usoni, hakuwa anacheka. Alikuwa anaendelea kupima, wa nne, wa tano, wa sita, na kila mmoja ukizidi kumi na mbili mabega yake yalishuka kidogo. Niliona anavyohesabu. Hakuwa anahesabu ukili. Alikuwa anahesabu watu waliokwisha kumlaza kitandani moyoni mwao.

Ukabaki wangu. Kamba ikapita mara moja, mbili, tano, kumi. Ikapita ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ikafika kwenye ncha, na ukili ukaisha hapo hapo, bila hata upana wa kidole.

Wanawake wakanigeukia. Nilijua wanavyofikiri: huyu ndiye aliyemwita mwenzake mwizi, na hata shubiri moja imemshinda. Nilitaka kuwaambia kwamba nilisuka kumi na nne, nikajizuia.

Mwanamkuu aliushika ule ukili wangu kwa viganja vyake viwili visivyofunga, akaurudia kwa kamba mara ya pili, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaketi, akauweka pajani.

"Tutaanza na huu," akasema.

Akaichukua sindano. Akajaribu kuishika mara moja, ikamponyoka, akajaribu tena. Katika miaka yote ile sikuwa nimesikia akimwomba mtu amshikie kitu, wala si mimi, wala si Bi Saleha, wala binti yake mwenyewe. Akanitazama, akaninyooshea sindano.

"Wifi," akasema, "leo vidole vimekataa. Njoo unitungie uzi."

Nikaenda nikaketi karibu yake, nikamtungia.